Jina Lililo Juu ya Kava

Kulikuwa na binti mmoja aliyenunua kompyuta ya mtumba, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Msimcheke; ndiyo aliyoimudu. Aliitaka kwa jambo moja. Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video, na waliomwita walimwambia wazi kwamba simu haitafaa, maana angetakiwa kuwaonyesha kazi yake huku akiieleza.

Jumatano akaiwasha. Picha safi. Sauti hakuna.

Binti huyu alikuwa msomi, tena makini. Alitafuta mpaka akagundua kwamba kila kifaa ndani ya kompyuta kina draiva yake, yaani programu ndogo inayoielekeza mashine namna ya kukitumia, na kwamba draiva ya sauti haikuwepo. Akaigeuza kompyuta: juu ya kava jina la kampuni, chini stika yenye namba. Akazinakili kwenye daftari, akazihakiki mara mbili, akapakua draiva ya namba hizohizo. Akaiingiza. Kimya. Akaifuta, akaiingiza upya. Kimya. Na kila mara ujumbe ulitokea: "Programu hii hailingani na kifaa chako. Uendelee?" Naye kila mara alibonyeza: Endelea.

Hailingani vipi, na namba si hizi hapa? Akarudia kuzisoma, moja moja, kwa kidole. Ni mtandao? Ni macho yangu? Au ni shetani hataki nipate kazi? Kufikia Alhamisi mchana alikuwa ameiingiza mara tisa, na hakujua tena kilichoharibika ni kipi, kompyuta au yeye mwenyewe.

Akaipeleka kwa fundi, mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko.

"Shikamoo, mama. Nimefuata hatua zote, sikuruka hata moja."

"Marahaba. Hatua za kompyuta gani, mwanangu?"

"Si hii? Jina lake si lile pale juu?"

Fundi akacheka, akachukua bisibisi. "Nyie wasomi! Kikishaandikwa tu, mmeamini." Akafungua skrubu, akainua kava. Madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote vya ndani, ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. "Unaona? Hii imeungwaungwa. Kava la huyu, matumbo ya yule. Si mbovu. Inataka draiva ya kilichomo ndani."

Machozi yakamlenga binti. "Kumbe siku mbili nzima imenidanganya!"

"Imekudanganya? Ulipokuwa unaingiza haikukwambia neno?"

Binti akaukumbuka ule ujumbe. Ilikuwa imemwambia. Mara tisa.

Fundi akasoma namba iliyochapwa kwenye madabodi, akatafuta draiva yake, na robo saa haikupita spika zikatoa sauti. Ijumaa saa nne, waliomwita walimsikia.

Wapendwa, mnamwonea huruma? Mimi natuonea huruma sisi. Tunafunga, tunakesha, tunaomba kwa umakini uleule, na hakuna kinachobadilika; tunabaki kumuuliza Mungu tumekosea hatua gani. Hatukukosea hatua. Tumekosea mtu. Tunamwombea yule anayesalimiwa pale mlangoni: mzee wa kanisa, mama wa kwaya, kijana mwadilifu. Huyo hana hasira, hana wivu, hana uchungu na ndugu yake. Sasa Mungu amponye nini? Mwenye hasira yuko ndani, na hatujawahi kumleta hapa.

Wala tusiseme hatukuambiwa. Mke amesema. Mume amesema. Mtoto wa miaka saba amesema, "Baba, nakuogopa." Tulimjibu nini? Tulimpita, tukawahi ibada.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujala, muulize mmoja wao: "Mimi ni mtu wa namna gani?" Halafu unyamaze. Usijitetee, usimkatize, hata sauti yake ikianza kutetemeka. Atakapomaliza, piga magoti, umlete kwa Mungu huyo mtu uliyeambiwa kuwa ndiwe.