Kwa Nini Ukurasa wa Simu Huuliza Habari Kwanza

Simu ziwekeni chini kidogo, wanangu, maana leo nazisema, na si vizuri kumsema mtu huku umemshika mkono. Nimezunguka nchi nyingi na kupotea karibu zote, ila njia ya hadithi hii naijua.

Kulikuwa na wakati ambapo kurasa za ndani ya simu zilikuwa na maisha mafupi. Ukurasa ulizaliwa ukiufungua. Ukiupa kisogo tu, ulikufa na kila ulichobeba. Fundi Chengo, aliyeunda kurasa za kukaa katika simu za kila aina, aliona huo ndio usafi.

Jirani yake, Bi Masika, alikuwa na binti, Saumu, aliyelazwa hospitali ya mbali, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimetimia. Bibi akamwandikia ujumbe kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Katikati akautoka ukurasa, akaitazama picha ya binti yake humo humo simuni, apate nguvu. Aliporudi alikuta ukurasa mwingine, mchanga, haumjui, na maneno yake hayamo.

"Chengo we!" akaita dirishani. "Kurasa zako zinakufa kama kumbikumbi!"

Chengo akaona haya. Akaamuru ukurasa ukiachwa usife, bali ukae nyuma ya mwenzake, ulale na vitu vyake. Bibi akaandika upya, akatoka, akarudi, akakuta kila neno linamngoja. Akautuma ujumbe wake.

Sasa kulikuwa na ukurasa mwingine, wa kuleta habari za wagonjwa wa hospitali ile, ambao bibi aliufungua jana yake; nao ulikuwa umelala. Asubuhi bibi akauamsha. "Bado," ukasema. Adhuhuri, "Bado." Jioni, "Bado." Bibi akaisogeza simu karibu na uso.

"We ukurasa, usinifiche. Mwanangu yu hai?"

"Bibi, mimi najua nililoambiwa nilipozaliwa. Tangu hapo sijamwuliza mtu."

"Yaani unaingia kwa watu huulizi hata habari? Umelelewa na nani?"

Chengo, aliyekuwa mlangoni, akajua anaulizwa yeye. Akauinamia ukurasa, akasema kwa upole, "Nilikufundisha kuuliza siku ya kuzaliwa tu. Kuzaliwa ni mara moja, mwanangu, lakini kuingia utaingia mara nyingi. Kila ukiingia, kabla hujaonesha uso, uliza habari."

Ukurasa ukatoka, ukaingia tena. Ukasita. Kiduara kikazunguka kiooni, bibi akabana pumzi. Kisha ukasema taratibu, "Saumu amejifungua tangu alfajiri. Mtoto wa kike. Wote wazima."

Bibi akakaa chini palepale jikoni, akapiga kigelegele peke yake, kikaishia katika kilio.

Na tangu siku hiyo, ukurasa uliolelewa vizuri huzaliwa mara moja, na huuliza habari kila unapoingia. Mkiona kiduara kinazunguka, msikitukane kama nifanyavyo mimi. Kuna mtu ameenda kuwaulizia, hataki kuwapa habari za jana.