Aliyeacha Mguu wa Ntandu

Mmeniuliza kwa nini watu wa Ikunda wanapopigana mieleka hawagusi miguu, na kwa nini watu wa Magadini hawaanzi mpaka kila mmoja amshike mwenzake mshipi, ilhali sisi wa Mdilu tunakamata popote, mkono, kiuno hata kisigino. Mmebishana toka asubuhi, kila mmoja akisema mieleka ya kwao ndiyo mieleka na ya wenzake ni mchezo wa watoto. Kaeni basi, mchanga wa uwanja bado umelowa mvua na hakuna atakayepigana mpaka ukauke. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na mama yangu, naye alielezwa na mama yake.

Zamani mieleka ilikuwa moja tu. Haikuwa na mshipi, haikuwa na mwamuzi, wala hakukuwa na kitu kilichokatazwa. Mtu aliweza kukuvunja kidole, kukutia mchanga machoni, kukukanyaga shingo ukiwa umeshaanguka. Pambano lilikwisha pale ambapo mmoja hawezi kuinuka, na wengine hawakuinuka kabisa. Hata hivyo watu waliendelea kupigana, kwa sababu ya kisima.

Kisima chenyewe kilikuwa katikati ya vijiji vitatu, chini ya majabali. Ikunda walikaa juu ya kilima, wakilima uwele. Magadini walikaa kando ya ziwa la chumvi, wakichota chumvi na kuiuza mbali. Sisi Mdilu tulikaa bondeni na ng'ombe wetu. Kiangazi kikikolea, mito yote ilikauka na kisima hicho kikabaki peke yake. Kijiji kilichoshinda mieleka kilichota maji kwanza, kikachota mpaka kitosheke. Kilichofuata kilipata yaliyobaki, na wa mwisho walikamua matope kwa vitambaa. Ng'ombe wa kijiji cha mwisho walikufa, na mara nyingine hata watoto.

Katika siku hizo, Mdilu kulikuwa na mtu aliyeitwa Njiku. Hakuwa mrefu sana, lakini mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango wa zizi, na alipotembea watu walisikia uzito wake ardhini. Alikuwa hajawahi kuangushwa. Kwa miaka mingi sisi tulikunywa kwanza kwa sababu yake, na watoto waliozaliwa kipindi hicho walikua bila kujua ladha ya matope.

Kiangazi kimoja Njiku alipambana na kijana wa Ikunda aliyeitwa Ntandu. Ntandu alikuwa mwembamba na mwepesi, na kwa mara ya kwanza Njiku alitokwa jasho la kweli. Akaona asipofanya jambo ataanguka. Akauzungushia mguu wa Ntandu mkono wake, akaukunja dhidi ya goti lake mwenyewe, akausukuma. Uwanja mzima ulisikia ule mguu ukivunjika. Watu wa Mdilu walishangilia. Njiku hakushangilia. Alirudi nyumbani, mama yake Nyasenge akampa uji, akaukataa. Tangu hapo alikuwa akisikia kuni zikivunjwa anageuka na kutoka.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vyote ambavyo wazee walikumbuka. Ziwa la chumvi lenyewe lilirudi nyuma mpaka likawa mstari mweupe kwa mbali. Watu wa vijiji vyote vitatu walikusanyika uwanjani, na safari hii hakuna aliyeimba. Walikuja na mitungi mitupu.

Njiku akaingia uwanjani kwa niaba yetu. Upande wa Ikunda watu wakapisha njia, na akatokea Ntandu, anatembelea fimbo. Mguu ulikuwa umeungana vibaya, umepinda chini ya goti. Minong'ono ikazagaa. Mzee mmoja wa Mdilu akawauliza wa Ikunda kama wamekosa mtu mzima. Ntandu mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Wengine wote wanamwogopa Njiku," alisema. "Mimi alichoweza kunifanya ameshanifanya."

Akaitupa fimbo.

Njiku alimtazama. Kila mtu uwanjani alijua la kufanya, hata mtoto angelijua: teke moja tu kwenye ule mguu, na Mdilu tunakunywa kwanza. Ndugu yake Njiku, Msaghaa, alipiga kelele, "Mguu! Mguu, kaka!"

Njiku akafungua mshipi wake wa ngozi ya ng'ombe. Akamwendea Ntandu, na Ntandu akajikunja tayari kwa pigo. Lakini Njiku alimfunga ule mshipi kiunoni, akaukaza kama mtu anayemvalisha mwanawe. Kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Kuanzia hapa kwenda juu, Ntandu, tutashikana. Kuanzia hapa kwenda chini si kwangu."

Ntandu hakuamini. Akauliza, "Na mimi kwako?"

"Wewe fanya utakavyo."

"Basi na mimi vivyo hivyo," akasema Ntandu. "Sitakugusa miguu."

Wakashikana. Jamani, watu walioiona siku ile waliisimulia mpaka wakazeeka. Kwa kuwa miguu ilikuwa imeachwa, nguvu zote zilihamia juu, kifuani, mikononi, shingoni. Vifua viligongana vikatoa mlio kama wa ngoma kubwa. Walipitishana mikono chini ya makwapa, wakakumbatiana wakatafuta namna ya kung'oana ardhini, kama watu wawili wanaong'oa mti mmoja. Jua lilipanda, likawa kichwani, likaanza kuteremka. Wanawake walisahau mitungi yao. Watu wa vijiji vitatu, ambao walikuwa hawajawahi kupatana hata kwa salamu, walijikuta wanashusha pumzi kwa pamoja.

Na kisha Ntandu, amesimama kwa mguu mmoja mzima na mmoja uliopinda, alimkumbatia Njiku kiunoni, akajipinda kwa nyuma kama upinde, na Njiku akaondoka ardhini. Yule ambaye ardhi ilikuwa inamsikia akitembea, alipaa. Alipita juu ya kifua cha Ntandu, miguu ikaelekea mbinguni, akatua kwa mabega mawili mchangani. Vumbi likatanda. Lilipotulia watu walimwona Ntandu amelala juu yake, amembana mabega yagandamane na ardhi, analia.

"Baki hapo," alikuwa akimwambia. "Baki hapo, yatosha."

Njiku akabaki. Hakuna aliyekanyagwa wala kuvunjwa, na bado kila mtu alijua pambano limekwisha.

Ikunda wakashinda. Lakini nafasi ya pili, kati yetu na Magadini, ilikuwa bado, na Magadini wakamtoa mtu wao, Kidanka. Huyu alikuwa mchota chumvi, na weupe wa ziwa ulikuwa umemla macho. Toka masika haoni kitu. Vijana wa Magadini walikuwa wamekwenda mbali na mizigo ya chumvi, na kati ya waliobaki hakuna aliyekuwa na nguvu kama zake. Mkewe alimwongoza mpaka katikati, akamwacha pale, amegeuzia uso upande usiokuwa na mtu.

Msaghaa akapumua. Akasema, "Sasa, kaka. Mzunguke nyuma umalize."

Njiku alikuwa bado ana mchanga mgongoni. Akasimama mbele ya Kidanka, akamwita kwa jina. "Niko hapa. Nyoosha mikono."

Kidanka akanyoosha. Njiku akamrudia Ntandu akaomba mshipi wake, akauvaa, kisha akaichukua mikono ya yule kipofu na kuiweka juu ya ngozi. "Shika. Usiuachie mpaka mmoja wetu aanguke."

"Nawe utashika wapi?" akauliza Kidanka.

"Mshipi wako, hapo hapo."

"Kama ni hivyo, nitakuhisi," Kidanka akasema, na akatabasamu. "Nikikushika nakuona mzima mzima."

Ilikuwa kweli. Pambano hilo halikuchukua muda hata wa mtu kupiga chafya. Njiku alivuta, na kupitia ule mshipi Kidanka akajua uzito wake umehamia mguu gani kabla Njiku mwenyewe hajajua. Akaufagia mguu huo kwa wake. Njiku akaanguka ubavu, kishindo kikasikika hadi majabalini. Aliyekuwa hajaangushwa maishani aliangushwa mara mbili siku moja, na mara ya pili na mtu asiyemwona.

Sasa sisi Mdilu ndio tuliokuwa wa mwisho.

Siwafichi, watu wetu walikasirika. Walimwona Njiku amewauza. Ng'ombe walikuwa wanalia kwa kiu nyuma yao, na kulikuwa na mama aliyebeba mtoto ambaye hata kulia alikuwa ameacha. Msaghaa akatoka kwenye watu, macho yamemwiva.

"Umetuua!" akasema. "Ulikuwa na mguu mkononi, ukauacha! Ulikuwa na kipofu!"

Msaghaa akainama akamrukia miguuni, akaikumbatia yote miwili, akamnyanyua. Hasira ilimpa nguvu zisizo zake. Akambeba Njiku mpaka begani, kisha juu ya kichwa, mikono imenyooka, akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye ukingo wa uwanja, ambako kulikuwa na jabali tupu. Kila mtu alielewa anachotaka kufanya. Watu wa vijiji vitatu wakanyamaza, hata ng'ombe, mama yangu aliniambia, hata ng'ombe walinyamaza.

Njiku alikuwa amelala juu ya mikono ya ndugu yake, ametazama mbingu. Hakujitoa. Aligeuza kichwa kidogo tu, akaona kisigino cha Msaghaa kinakaribia wapi.

"Angalia nyuma yako," akamwambia taratibu. "Kuna jiwe. Utajikwaa uumie, mdogo wangu."

Msaghaa akasimama. Wote walidhani sasa atamwachia. Lakini hakumwachia. Alipiga goti moja mchangani, akamshusha mpaka kifuani, kisha mapajani, kisha akampitishia mkono nyuma ya kichwa ili kisigonge, akamlaza chini polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Ndipo akaanguka juu yake na kulia, na Njiku akamshika kichwa.

Ikunda ndio waliokwenda kisimani kwanza, kama ilivyokuwa haki yao. Walichota, wakabeba. Na jua likiwa bado liko juu ya kilima wakaondoka, ingawa mitungi yao mingine ilikuwa mitupu. Hawakuwa wameambiwa na mtu. Magadini wakafuata, nao wakafanya vivyo hivyo. Nyasenge alipofika na kibuyu chake aliinama, akaona uso wake mwenyewe ndani ya maji, safi, hayana tope. Alikaa pale akijitazama mpaka waliokuwa nyuma yake wakamkumbusha kuchota.

Basi tangu kiangazi hicho, Ikunda hupigana kuanzia kiunoni kwenda juu, na ndio maana wao ni mabingwa wa kumbeba mtu na kumpitisha juu ya kifua. Magadini hukabidhiana mshipi kwanza, na wengi wao hupigana wamefumba macho. Sisi Mdilu tuna shingo ngumu. Wazee wetu walikaa wakasema Njiku alishindwa kwa kuacha miguu, kwa hiyo watoto wao wataikamata, na tunaikamata mpaka leo kama Msaghaa alivyofanya. Ila tukaweka sharti moja lisilo na msamaha: ukimnyanyua mwenzako juu, mwili wake ni mzigo wako mpaka ufike chini salama. Ukimtupa, umeshindwa, hata kama yeye hawezi kuinuka. Na katika vijiji vyote vitatu, mabega mawili yakigusa ardhi, imetosha.

Ndiyo maana leo, mchanga ukishakauka, mtasikia kelele na vigelegele kila upande, mpaka pale mtu wa Mdilu atakapoinuliwa juu ya kichwa cha mwenzake. Hapo uwanja mzima hunyamaza. Wageni hudhani watu wameogopa. Hunyamaza hivyo mpaka mgongo wake uguse mchanga, na ndipo watu huanza tena kupumua.