Farasi wa Bubu na Uradi wa Dhakwani

Wamesimulia waliopokea kwa waliowatangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba palikuwa na mja mwema katika nchi ya Khurasani, jina lake Dhakwani bin Rashiki, aliyeishi katika mji mdogo wa Sarabadi chini ya milima. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha farasi wafupi wa milimani kuvuta gari.

Msiidharau kazi hiyo, ndugu zangu. Farasi ni kiumbe mwenye hofu. Kinachomfuata nyuma hukikimbia, na gari kazi yake yote ni kumfuata. Akikimbia, nalo hukimbia. Akizidisha mbio, nalo huzidisha makelele, mpaka avunjike yeye, au livunjike gari, au avunjike aliyemo ndani yake. Kwa hiyo Dhakwani hakuwa mtu wa pupa. Alianza kwa kumvisha mnyama matandiko matupu, akamwacha ayanuse na kuyazoea. Kisha akatembea nyuma yake ameshika hatamu ndefu, pasipo gari. Kisha akamfungia gogo alikokote, na mnyama alipokwisha kulisahau gogo, ndipo alipomwingiza baina ya miti miwili ya gari.

Na muda wote huo ulimi wake ulikuwa haukauki kwa dhikri. Alikwenda nyuma ya farasi akisema, "Ya Latifu, ya Latifu," yaani ewe Mpole kwa waja wako, kwa sauti ya chini inayokwenda sawa na hatua. Watu wa Sarabadi walimpa lakabu ya Mzee Latifu, na yeye, Mungu amsamehe, hakuichukia lakabu hiyo.

Desturi ya wafundishaji wa mji ule ilikuwa kwamba mnunuzi haipokei hatamu mpaka mfundishaji atamke mbele ya mashahidi kwenye lango la mji, "Huyu amekamilika." Dhakwani alikuwa amelitamka neno hilo kwa wanyama wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa kwake.

Ikawa siku moja alikuja kwake mtu wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, aitwaye Mahrani. Mtu huyo alikuwa bubu tangu kuzaliwa, ila masikio yake yalisikia vizuri. Mkewe, Bi Umaima, alikuwa ameanguka kutoka juu ya dari miguu ikafa, na alikuwa mjini kwa tabibu tangu majira ya joto. Sasa baridi ilikuwa inakaribia. Mahrani alitaka farasi wa kumrudisha mkewe nyumbani kabla theluji haijafunga njia, na wa kumtumikia baada ya hapo. Dhakwani akamkabidhi Ghubari, farasi mfupi wa rangi ya vumbi, akatamka neno lake langoni, na watu wakashuhudia. Mahrani na mkewe walilala katika nyumba ya wasafiri ili waondoke baada ya swala ya alfajiri.

Jioni hiyohiyo, baada ya alasiri, mtoa mawaidha mmoja mgeni alisimama msikitini akahadharisha juu ya riya. Akasema kwamba yupo mtu anayemtaja Mola wake kwa sauti sokoni, na kumbe anayesikilizishwa ni jirani. Dhakwani alirudi nyumbani moyo umemnywea. Akaazimia kwamba tangu kesho uradi wake atauleta moyoni tu.

Asubuhi akamfungia gogo farasi jike aliyekuwa akimfundisha, mnyama aliyekwisha kulizoea gogo hilo kama mkia wake. Akashika hatamu, akafunga mdomo, akatembea. Hawakufika mbali. Yule jike akasimama, akatetemeka ubavu mzima, kisha akaruka. Gogo likamfuata likigongagonga, naye akauvunja ua na kumburura mfundishaji wake kwenye matope. Dhakwani, kwa fazaa, akapiga kelele, "Ya Latifu!" Papo hapo mnyama akatulia.

Mkewe, Bi Lubaba, alitoka mbio akamkuta amekaa matopeni, uso wake umekuwa mweupe.

"Umeumia, Baba Hafsa?"

"Sijaumia. Lubaba, nimemkabidhi Ghubari kwa mtu asiye na sauti."

Bibi huyo alikuwa mwerevu, akaelewa bila kuelezwa zaidi. Naye alimhurumia, akasema, "Hukujua, bwana wangu. Asiyejua hana dhambi."

"Jana sikujua," akasema Dhakwani. "Leo najua."

Akaazima punda wa jirani. Alipofika langoni aliwakuta baadhi ya wale mashahidi wamekaa wakiota jua. Angeweza kupita na salamu tu, na nafsi yake ilimshawishi apite. Lakini alisimama akasema, "Enyi waungwana, jana nilisema mbele yenu kwamba Ghubari amekamilika. Hakukamilika. Nalirudisha neno langu." Mmoja wao akacheka akamwambia, "Shekhe, ukishajitangaza hivyo, nani atakuletea farasi tena?" Dhakwani akamhimiza punda akatoka langoni. Daraja la mbao juu ya bonde la mto lilikuwa mbele, na wale watu walikuwa wametangulia tangu alfajiri.

Jamani, ile njia aliiona chungu. Kwanza alama za magurudumu zilikwenda sawa, naye akashukuru. Kisha akaona zimeanza kupinda. Mahali pengine zilikwenda mpaka ukingoni mwa genge, kokoto zimemomonyoka, kisha zikarudi njiani. Akakuta ushungi wa mwanamke umenasa kwenye miiba. Mbele kidogo akakuta kiriba cha maji kimepasuka. Kila penye kona alifumba macho kabla ya kuipita, kwa kuogopa atakachokiona upande wa pili. Midomo yake ilitaka kusema "Ya Latifu", akaizuia, kisha akaiachia, kisha akaizuia tena, kwa sababu hakujua tena anapolitaja jina hilo anafanya nini. Ni ibada, au ni kelele za mwendesha farasi? Dhiki hiyo ilimuuma kuliko jiwe lolote la njiani.

Aliwakuta karibu na bonde, kabla ya daraja. Gurudumu moja lilikuwa limebanwa na jiwe kubwa, na jiwe hilo ndilo lililowaokoa. Ghubari alikuwa anatoka povu, macho yamemtoka. Mahrani alikuwa ameng'ang'ania kichwa cha mnyama, viganja vinamvuja damu kwa kukatwa na hatamu. Bi Umaima alikuwa ameshika ubao wa gari kwa mikono miwili, kichwa wazi, analia.

Dhakwani akateremka akasema polepole, "Ya Latifu." Masikio ya Ghubari yakageuka. Akasema tena, na mnyama akainamisha kichwa akashusha pumzi.

"Subhanallah!" akasema Bi Umaima. "Umemfanya nini? Tangu tulipoanza kuteremka, gari likimsukuma tu, anakuwa kama aliyeona shetani."

Dhakwani akawaeleza yote, wala hakujitetea. Akasema, "Kosa ni langu, si la mumeo wala la mnyama. Mkitaka nimrudishe mjini, hiyo ni haki yenu. Mkitaka niwavushe kwa sauti yangu, nitawavusha sasa hivi."

Mahrani akamtazama mkewe, akaashiria daraja, kisha akaashiria nyuma, njia ya mjini, akatikisa kidole mara nyingi. Bi Umaima akatafsiri, "Anasema, utuvushe leo, je, siku nyingine? Kijiji chetu hakina njia ila hii. Atakuja peke yake kutafuta unga na dawa zangu. Utakuwepo?"

Kisha bibi huyo akajifuta machozi, akasema labda yeye ataweza, maana ulimi wake ni mzima. Akaita kwa sauti nzuri, "Ya Latifu, ya Latifu." Ghubari akalaza masikio nyuma akaanza kutetemeka upya. Hapo Dhakwani akajishika kifua. Kumbe mnyama yule hakuwa amezoea jina la Mola. Alikuwa amemzoea Dhakwani.

Palikuwa na kibanda cha mchungaji kilichoachwa karibu na mto. Wakajisitiri humo, na Dhakwani akakaa nao kuanza kazi upya, huku mawingu mazito yakijikusanya juu ya vilele na kila mmoja akiyatazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa amegundua kwamba Mahrani hukaa na tasbihi ya mbao mkononi. Kwa kuwa hakuwa na ulimi wa kumtaja Mola wake, alimtaja kwa vidole, na kila dhikri ilikuwa punje moja inayogonga mwenzake, tak. Basi Dhakwani akamwambia ashike hatamu na tasbihi kwa pamoja, nao wakatembea nyuma ya Ghubari wakiwa wawili. Dhakwani anasema "Ya Latifu", Mahrani anagonga punje. Tangu asubuhi mpaka jua lielekee kuchwa walifanya hivyo, siku baada ya siku. Kisha Dhakwani akaanza kupunguza sauti yake, mpaka ikawa mnong'ono, mpaka ikawa pumzi. Mnyama akishtuka, wanarudi nyuma hatua moja ya mafunzo wanaanza tena, bila kiboko na bila kumfokea.

Lakini theluji haikungoja mafunzo yaishe. Asubuhi moja walikuta chembe za kwanza zimetanda juu ya majani makavu. Mahrani akalifunga gari, akampandisha mkewe, akamtazama mwalimu wake kwa macho ya kuuliza.

"Sijui," akasema Dhakwani. "Wallahi sijui kama yuko tayari. Nikitembea kando yake nikisema, mtavuka salama, lakini utakapokuja peke yako ataitafuta sauti yangu hapo darajani. Nisiposema, ama amejifunza, ama..."

Bi Umaima akasema, "Nyamaza, shekhe. Anayeachwa peke yake na farasi huyu ni mume wangu. Bora tujue leo, ukiwa karibu."

Wakaingia darajani. Mahrani alikaa mbele, Dhakwani akafuata nyuma kabisa, asionekane na mnyama. Mbao zikaanza kulia chini ya magurudumu, na maji yalikuwa yanachemka chini sana. Ghubari alikwenda vizuri mpaka katikati. Hapo ubao mmoja ukapasuka kwa sauti chini ya gurudumu, na farasi akasimama. Akatetemeka ubavu mzima, vilevile kama yule jike. Akarudi nyuma nusu hatua, na gurudumu likagusa ukingo usio na kizuizi. Bi Umaima akafunika uso.

Ndugu zangu, Dhakwani alikuwa na neno moja tu mdomoni, na alijua kwamba akilitamka farasi atatulia. Akauma ulimi mpaka akaonja damu. Akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga magoti kwenye mbao zenye theluji.

Tak, ikasikika. Kidole cha Mahrani kilijua kazi yake. Tak. Sikio moja la Ghubari likageuka nyuma. Tak. Likageuka na la pili. Mnyama akashusha pumzi, akainamisha kichwa, akaliweka bega lake kwenye matandiko na kuvuta. Akavuka daraja kwa mwendo wa punje za tasbihi mpaka ng'ambo, na gari likamfuata.

Dhakwani alipowafikia, Mahrani alikuwa amekumbatia shingo ya farasi. Hofu ya Bi Umaima ilikuwa imegeuka hasira kidogo, kama ilivyo kwa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mzee wangu," akamwambia, "mimi ndiye niliyekuambia unyamaze, ni kweli. Lakini pale katikati, gurudumu lilipofika ukingoni, moyo wako ulikuwa wa namna gani? Hata neno moja hukusema?"

Dhakwani akasema, "Nilisema, binti yangu. Nilisema kuliko siku zote za maisha yangu. Ila safari hii sikumwambia farasi."

Basi na sisi, tunapolitaja jina Lake na masikio ya watu yakatugeukia, tujiulize ni nani tunayemwambia. Ewe Mola, tujaalie tuwe na la kukuambia hata pale ambapo hakuna anayetusikia ila Wewe.