Kokoto za Mwalimu Kifaru

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na shule!
Na mwalimu wake?
Mnene!
Na wanafunzi?
Wembamba!

Haya, sogeeni. Mwenye miayo apige sasa hivi, maana mbele huko miayo inahesabiwa.

Hapo kale, katika Bonde la Majabali, palikuwa na shule ya wanyama, na mwalimu mkuu wake alikuwa Kifaru. Kifaru alikuwa na nguvu za kung'oa mti na tumbo la kumaliza shamba, ila macho yake yalikuwa hafifu. Pua yake ilijua nani amechelewa, masikio yake yalijua nani anakoroma, lakini sura ya mwanafunzi hata mmoja hakuijua. Mwalimu mwingine angesema, "Njoo karibu, mwanangu, nikujue." Kifaru hakusema hivyo. Kifaru aliokota kokoto.

Kila mwanafunzi alikuwa na kibuyu chake pangoni, huko ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Ukichelewa, kokoto moja, ka! Ukisinzia, kokoto moja, ka! Ukitoka ukoo wenye sifa mbaya, kokoto tatu siku ya kwanza, ka! ka! ka! hujaweka hata mfuko chini. Kibuyu kikifika kokoto kumi, Kifaru alikitikisa, akakitegea sikio, akasema, "Huyu atafeli."

Na atakayefeli, makande ni ya nini? Bakuli lake la mchana lilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Halafu siku ya mtihani jina lake likatwe kwenye orodha, asije akaitia shule aibu.

"Kokoto hazidanganyi," Kifaru alisema, mdomo umejaa maharage.

Kobe alikuwa na kokoto kumi. Alitoka kwao alfajiri kila siku, akafika saa nne kila siku. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Komba alikuwa na kokoto kumi. Yeye usiku yu macho, mchana kope nzito, ndivyo alivyoumbwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walishinda njaa wote wawili, wakimsikia Kifaru akitafuna.

Zikabaki siku saba kabla ya mtihani. Siku hiyo Pimbi naye akachelewa.

Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo wa mawe, mnene kama andazi, hana mkia. Pimbi hawezi kufikiri mpaka aote jua. Akiamka baridi, kichwa chake kimeganda. Akilala juu ya jabali kidogo, jua likampiga mgongoni, basi akili inafunguka, na hapo hapati mpinzani. Kwa hiyo alichelewa, naam, alichelewa mara saba. Saba na zile tatu za ukoo ni kumi. Ka!

Akaitwa pangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Pimbi."

"Aa, Pimbi. Kokoto kumi. Utafeli."

Pimbi alikasirika. Alikasirika mpaka manyoya ya mgongoni yakasimama. "Mwalimu, umewahi kuniuliza hesabu hata moja?"

"Nikuulize ya nini? Nimeshahesabu kokoto zako."

"Niulize saba mara nane."

"Ukoo wenu unajulikana," Kifaru akasema. "Mlipoitwa kwenda kuchukua mikia mliogopa mvua, mkatuma wenzenu. Mpaka leo hamna mikia. Hizo ni kokoto tatu, na haki yenu."

"Hamsini na sita," Pimbi akasema.

"Nini hiyo?"

"Saba mara nane."

"Hiyo haimo kibuyuni," Kifaru akasema, akavuta bakuli la Pimbi, akala.

Pimbi akatoka nje, tumbo tupu. Kukosa makande aliweza, angekula majani. Kilichomuuma ni mtihani. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa jabalini kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu dunia iwe dunia, pimbi atakaa kwenye mtihani. Sasa ataenda kumwambia nini? Kwamba kibuyu kimemjibia?

Akawafuata Kobe na Komba nyuma ya choo cha shule.

"Mimi nakaa kwenye mtihani huo," akasema. "Nikifeli, nitafeli mwenyewe."

"Tutamkataliaje?" Komba akauliza, jicho moja limefumba. "Yule ana pembe mbili."

"Nani kasema tumkatalie? Tutamtii. Tutamtii mpaka ajute kuzaliwa."

Kesho yake Pimbi akaota jua hadi akatosheka, akachelewa makusudi, akaenda moja kwa moja pangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuonea huruma."

"Marahaba. Kwa lipi?"

"Kokoto zako chache mno. Unajua nimechelewa, lakini unajua nimepiga chafya ngapi? Unajua Swala amekuna sikio mara ngapi? Wapo wenye kokoto nne, wapo wenye kokoto tano, na wote hao bado wanakula makande. Ungehesabu kila kitu, ungejua kila kitu. Na wengine nao wangefika kumi."

Kifaru akameza mate, gudu! "Kila kitu?"

"Kila kitu. Sisi wenyewe tutakuletea. Ila zipange kwanza kwa mafungu, chafya mbali, miayo mbali. Ukishajumlisha zote ndipo uzigawe vibuyuni na ukate majina. Mwenye akili kama wewe hakati jina kwa hesabu nusu."

"Mimi sikati kwa hesabu nusu," Kifaru akasema, akakaza shingo. "Leteni!"

Ikawa kuleta. Loo! Shule nzima ilijipanga kutoka mtoni hadi pangoni, kila mmoja na kokoto zake, wakiimba:

Nimekuna sikio! Ka!
Nimepiga chafya! Ka!
Nimewaza makande! Ka!
Nikayawaza tena! Ka! Ka!

Siku ya kwanza mafungu yalifika magotini mwa Kifaru. Siku ya tatu yalifika tumboni. "Leteni!" Kifaru akasema. Kanga alileta kokoto ya kila punje aliyodonoa. Nyani alileta kokoto ya kila kiroboto. Swala, mtoto mwenye kibuyu kitupu, asiyechelewa wala kusinzia, alileta kokoto ya kila mara aliyojisifu, naye alikuja na magunia mawili. "Leteni!" Kifaru akasema. Siku ya sita fungu la miayo lilifika juu, likaziba mlango wa pango, na Kifaru yuko ndani, akihesabu kwa raha zake.

Siku ya saba, saa mbili kamili, akashuka Mkaguzi Korongo, ndege wa miguu mirefu na maneno mafupi, karatasi za mtihani kwapani.

"Mwalimu Mkuu! Orodha!"

Sauti ikatoka nyuma ya kokoto. "Subiri, Mheshimiwa! Elfu tisa mia nne na mbili, elfu tisa mia nne na tatu..."

Pimbi akasogea kwenye upenyo uliobaki kati ya kokoto. "Chyaa! Mwalimu, nimepiga chafya, kokoto yake hii hapa." Akairusha ndani. Ka!

"Lo! Umenipoteza! Moja, mbili, tatu..."

Korongo akangoja. Akangoja tena. Kifaru akafika elfu tatu.

"Mwalimu!" Komba akaita. "Nimepiga mwayo!" Ka!

"Ala! Moja, mbili, tatu..."

"Mwalimu Mkuu," Korongo akasema, "sukuma hizo kokoto utoke."

Wanafunzi wote walijua Kifaru akitia pembe mara moja tu, pango lote liko wazi.

"Nisukume?" Kifaru akalia kwa uchungu. "Miayo ichanganyike na chafya? Mheshimiwa, nimetaabika siku sita! Sisukumi hata moja!"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri. "Sheria yangu ni moja. Aliyekatwa jina hafanyi. Kuna aliyekatwa?"

"Kumi na saba," pango likajibu. "Kumi na nane..."

"Hakuna. Kaeni wote."

Wakakaa juu ya jabali pana, jua likiwapiga mgongoni. Pimbi aliandika, akageuza karatasi, akaandika. Kobe alikuwapo, alilala njiani siku mbili ili asichelewe. Komba alisinzia mara nne, na mara nne Kanga akamdonoa.

Alasiri Korongo akasahihisha kwa mdomo wake, tik! tik! tik! akasoma matokeo. Pimbi, wa kwanza. Komba, amefaulu kwa alama moja. Swala wa kibuyu kitupu, amefeli. Na Kobe? Kobe amefeli. Ndiyo, amefeli, mbona mnanitazama hivyo? Amefeli kwa mkono wake, swali la nne na la tisa, na akajua ni wapi pa kusoma mwakani. Kibuyu hakijawahi kumwambia mtu hayo.

Mara, poromo! Poromo! Kifaru amemaliza hesabu, ametoka, vumbi tupu.

"Kimya!" akanguruma. "Kokoto elfu ishirini na mbili na saba zimesema! Pimbi atafeli!"

"Ameshafaulu," Korongo akasema.

Kifaru akafikiri kidogo. "Nimesema atafeli. Sikusema lini."

Pimbi akamwendea. Zikabaki hatua tano, nne, tatu, akasimama chini ya pua yake kabisa, mahali ambapo hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimama.

"Nitazame, Mwalimu. Pimbi ndiye mimi."

Kifaru akakodoa macho, akakodoa tena. "Mdogo hivi?"

"Mdogo hivi."

Kifaru akainua pua, akanusa. Chungu cha makande kilikuwa kimeshaepuliwa, na shule nzima ilikuwa inakula, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Lete bakuli langu," akasema. "Lile la Kobe. Liko wapi?"

"Liko kwa Kobe," Pimbi akasema.

Basi, ngano imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaitie chumvi.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: msichelewe, msisinzie, wala msichague ukoo wenye sifa mbaya mnapozaliwa. Muwe watiifu. Na siku mkubwa akisema anataka kujua kila kitu chenu, hadi chafya, msimnyime hata kimoja. Adabu ni kumpelekea. Mpelekeeni mpaka asionekane.