Mawe ya Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twiga aliijua methali hii tangu darasa la pili, ila kuinama kwenyewe ndiko kulikomshinda.

Twiga lilikuwa jina la utani la mwanafunzi mmoja wa miamba, binti mrefu kama mlingoti na nadhifu kupindukia. Mwaka ule alitakiwa aeleze tope lililogeuka mwamba zama za kale lilitoka milima gani, na mvua za zama hizo ziliichakaza milima hiyo kiasi gani. Akishindwa, angerudia mwaka mzima, naye alikuwa amemwahidi mama yake kuwa huo ndio wa mwisho.

Basi akaenda kwenye ukingo uliokatwa kando ya barabara, akabandua vipande usawa wa kifua, akarudi viatu vikimeta. Majibu ya maabara yalimfurahisha. Sodiamu, ambayo mvua huichukua mapema kutoka kwenye mawe, ilikuwa karibu imekwisha. Akaandika kwa mbwembwe kuwa nchi ya kale ilikuwa na joto na mvua nyingi.

Fundi wa maabara, mama mcheshi, alichungulia mabaki ya mawe kwenye mfuko wake, akacheka hadi miwani ikamteleza.

"Mwanangu, mawe yako yana vijizizi vya nyasi! Sodiamu imeondoka, sawa, lakini lini? Hapa umepima mvua ya mwaka jana."

"Sasa nifanyeje, mama? Zimebaki siku tisa!"

"Chimba mpaka ukute jiwe jeusi lisilojua jua. Na hivyo viatu uviache nyumbani."

Twiga alinuna, kisha akaogopa, kisha akaazima sururu. Alichimba siku tatu chini ya ukingo ule. Siku ya nne alilala kifudifudi, akapenyeza mkono hadi begani, akachomoa vipande vyeusi, vigumu, visivyo na mzizi. Alishangilia peke yake shimoni.

Fundi alivisaga, akavipima. Safari hii sodiamu ilikuwemo tele. Kumbe nchi ya kale ilikuwa kavu na ya baridi! Thoriamu nayo, ambayo hujaa kwenye mawe ya graniti na maji hayaibebi kwa urahisi, ilikuwa nyingi, ushahidi kuwa tope lilitoka milima ya graniti.

Siku ya mtihani, mkuu wa idara, mzee asiyetabasamu ovyo, alimkazia macho.

"Tutajuaje kuwa hukupima mvua ya juzi?"

Twiga aliweka jiwe jeusi mezani kwa mkono uliojaa malengelenge.

"Nililifuata mwenyewe, mwalimu. Kwa tumbo."

Mzee aliangua kicheko, akatia sahihi. Twiga akatoka mbio kumpigia mama yake simu, viatu vimejaa tope na yeye hana habari. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliye mrefu sharti ainame zaidi.