Vyumba vya Mama Shuka

Juu ya kilima, mahali ambapo lami hukoma na njia ya msituni kuanza, palikuwa na nyumba ya wageni iliyosifika kwa shuka nyeupe pe. Shuka hizo zilifuliwa, zikaanikwa na kupigwa pasi na mwenye nyumba mwenyewe, mwanamke ambaye mikono yake haikujua kupumzika. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Mama Shuka. Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na kaka yake. Kaka alihamia mjini kuuza vifaa vya ujenzi. Dada akabaki kilimani, akaitunza nyumba kama mboni ya jicho lake.

Wageni wengi waliletwa na wakala wa safari, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa na ofisi ndogo mjini, ng'ambo ya benki. Wakala alimtafutia mgeni gari, chumba na mtu wa kumwongoza hadi kwenye maporomoko ya maji, akavifunga vyote kama mzigo mmoja na kumtajia bei moja. Humo ndani alikata fungu lake, yaani kamisheni. Fungu hilo ndilo lililomkereketa Mama Shuka rohoni. Alizoea kumlalamikia mpishi wake kwamba yule mwenye miwani hajawahi kukunja hata foronya moja, ila kula anakula. Mmoja atoke jasho, mwingine apakuliwe!

Basi akabuni ujanja. Kila mgeni alipoaga, alimsindikiza mpaka langoni, akamnong'oneza kuwa safari nyingine asipitie kwa wakala. Apige simu moja kwa moja, naye atapunguziwa. Akadhani amelamba asali. Hakujua kwamba mmoja wa wageni hao, mzee mstaafu, mtu mkweli kama mizani, angeingia ofisini kwa wakala na kumwuliza kwa upole mbona kwake ni ghali kuliko kwa mwenye nyumba. Wakala hakugomba. Aliibandua ukutani picha ya nyumba ya kilimani, akabandika ya nyumba nyingine.

Wageni wakapungua kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Na wale walionong'onezwa hawakupiga simu ng'o, kwa kuwa si wengi wanaopanda kilima kilekile kila mwaka. Shuka zikalala kabatini, buibui akawa ndiye mpangaji.

Siku moja kaka akapanda kilima, akazunguka vyumbani huku akipima kuta kwa macho. Alikuwa amepata mfanyabiashara anayetafuta ghala la saruji.

"Likizo hii inayokuja ikipita nyumba ikiwa tupu, funguo nampa mtu wa saruji," akasema. "Saruji haiombi taulo, dada yangu."

Mama Shuka hakuwa mtu wa kukunja mikono akangoja kudra. Alichukua picha za vyumba akaenda kituo cha mabasi kujiuzia mwenyewe. Baba mmoja aliyekuwa na watoto alizitazama kwa hamu, kisha akaanza kuuliza: wakifika wakute maji hayatoki, nauli yao itarudishwa na nani? Kutoka barabarani mpaka kilimani watapandaje na watoto? Kabla hajamaliza kujibiwa, basi lake likaondoka.

Jioni ileile akaenda ofisini kwa wakala, akakaa kwenye benchi kusubiri. Alimwona akimtuliza mteja ambaye gari lake lilikuwa limeharibika njiani, akimtafutia jingine kwa simu. Alimwona akieleza safari kwa familia nzima, mama akitaka hiki, watoto wakitaka kile, na baada ya maelezo yote hayo wakaaga kwamba wanakwenda kufikiri. Koo la wakala lilikuwa limekauka kama la mwalimu wa chekechea.

Zamu yake ilipofika, wakala alimtazama juu ya miwani.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nauza kitu ambacho mnunuzi hakioni wala hakionji kabla ya kulipa, na nisipokiuza leo, kesho kimeoza."

Mama Shuka akafikiria samaki, akafikiria nyanya. Lakini hivyo mtu huviona na kuvibonyeza. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji baki nao. Jibu ni chumba chako. Usiku wa jana uliopita bila mgeni, huuzi tena. Na kwa kuwa mgeni hakioni chumba, anachonunua kwangu ni neno langu. Nawe ulimwambia langoni kwamba neno langu ni la mwizi."

Mama Shuka aliinamisha uso, akaomba radhi. Kisha akatoa ahadi zake. Bei itakuwa moja, mgeni apite kwa wakala au abishe hodi mwenyewe. Mgeni aliyeletwa na wakala, akirudi, kamisheni ni ya wakala. Tena mawakala wote wa mjini waje walale bure, waone watakachokiuza. Wakala akamjibu kuwa ahadi amezisikia, sasa anangoja vitendo.

Kaka aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Nyumba haina wageni, sasa dada analaza watu bure! Mama Shuka akamjibu kuwa usiku usiouzwa umekwisha kuoza. Heri umnufaishe mtu.

Mawakala wakaja. Mmoja alifungua kila bomba, mwingine alivua viatu akajaribu vitanda vyote kama mkaguzi wa magodoro. Walimkosoa kwa kibao cha njiani kilichopinda na taa hafifu za ngazi. Akarekebisha vyote. Lakini walirudi mjini bila kuahidi neno, maana habari za langoni zilikuwa zimewafikia.

Likizo ilikuwa inabisha hodi pale simu ilipolia, kaka akiwa amesimama palepale na funguo mkononi. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa kikundi cha wapanda milima, ambaye wakala aliwahi kumleta. Alitaka nyumba nzima, ila wamruke wakala, kamisheni wagawane.

Kaka akamwashiria dada kwa mikono yote miwili akubali. Mama Shuka akampa mgongo, akajibu simuni.

"Bei ni ileile, mwanangu. Mpigie wakala wako, yeye ndiye aliyetukutanisha."

Simu ikakatwa. Kaka akakaa kwenye ngazi kama aliyefiwa. "Umemfukuza mteja kwa mdomo wako mwenyewe."

Kumbe yule kiongozi alikwenda kwa wakala kulalamika kwamba mwenye nyumba amekataa kumpunguzia. Wakala akampangia safari papo hapo, akawasimulia wenzake kisa chote. Waliokuwa wakisitasita wakaleta watu wao: huyu familia, yule walimu walio likizoni. Nyumba ikajaa mpaka likizo ikaisha, na mtu wa saruji akaambiwa atafute ghala kwingine. Kaka mwenyewe, jasho likimtiririka, alionekana akipandisha mizigo ya wageni ngazini.

Mama Shuka alitaka mwenzake amtafutie wageni huku akimnyima haki yake, akabaki na vyumba vitupu. Alipoitoa haki hiyo kwa moyo mweupe, vyumba vikajaa. Hakika, mkono mtupu haulambwi.