Mkate wa Ufuta wa Bi Time

Mwenye kitu kinywani ameze, maana hadithi hii ina mkate, na sitaki mtu anijibu huku anatafuna.

Palikuwa na bibi mmoja wa Unguja, Bi Time, aliyeishi ugenini, nchi ya baridi, na wajukuu zake watatu, watu wazima wote. Zuwena alikuwa na mkono: unga alioupiga yeye uliumuka hata penye barafu. Ussi alikuwa na jicho: kitu kikipotea, yeye ndiye hukiona. Na Raya alikuwa na roho ngumu, haogopi moto wala mwenye nyumba.

Bi Time akasusa chakula. Mkate wa dukani aliubonyeza kwa kidole, akasema, "Sponji hii. Oshieni vyombo." Akakonda mpaka wajukuu wakaingiwa na hofu. Mwanawe aliyeko Unguja akaamua arudishwe kwao, akaleta tiketi mbili: ya bibi, na ya mtu mmoja wa kumshika mkono njiani.

Lo, hapo pakachimbika! Wote watatu hawajakanyaga nyumbani tangu waondoke, na kila mmoja ana mama anayemngoja. Bi Time akakata shauri: "Atakayenilisha mkate wa ufuta, wa kwetu hasa, ndiye nitakayeondoka naye."

Zuwena akaingia jikoni. Akachanganya unga, hamira, yai na tui, akaupiga kwa mkono mpaka bega likalegea, akaufunika kwa blanketi lake mwenyewe, yeye akakaa anatetemeka. Unga ukaumuka. Akaubandika kwenye kikaango, akanyunyiza ufuta, na kama tufanyavyo kwetu, akakipindua kikaango ili uso wa mkate uutazame moto. Pu! Mkate ukaangukia jiko. Vikaango vya huko vimetengenezwa kitu kisigande, jamani!

Ussi akatoka. Alizunguka masoko ya mitumba kwenye theluji, akafukua vyuma chakavu ambavyo wenyewe wamekwisha kuvisahau, mpaka akaona kikaango cha chuma kilicholiwa na kutu. Akakisugua kwa mchanga hata viganja vikachubuka. Zuwena akapiga unga mwingine, na safari hii mkate ukaganda, haukuanguka. Lakini jiko lilikuwa la umeme. Mkate ukatoka mweupe.

"Huu haujaona moto," akasema Bi Time, akaisukuma sahani.

Zamu ikawa ya Raya. Alitia makaa kwenye ndoo ya bati, akayawasha huko roshani, mahali ambapo mwenye nyumba alikwisha kuapa kwamba atakayewasha moto atatoka na mizigo yake. Moshi ukapanda. Mwenye nyumba akaja, akabisha, akapiga mlango mateke. Raya kakishika kikaango cha Ussi, na unga wa Zuwena ndani yake, juu chini. Kitambaa cha kushikia kikateleza, chuma kikamla vidole, naye hakukiachia mpaka ufuta ukaanza kulia.

Bi Time akamega, akala, akalia. "Huu ndio," akasema.

Basi vita vikaanza.

"Bila kikaango changu mngelamba jiko," akasema Ussi.

"Na bila unga wangu ungekaanga kutu," Zuwena akamrudishia.

Raya akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Huu mnauona?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, dada," akasema Zuwena.

"Kweli. Lakini pete huvishwa kidole kimoja."

Wote watatu wakamgeukia bibi yao. Bi Time amefumba macho, kinywa kimejaa. Anatafuna polepole, anatafuna kwa makusudi kabisa, kwa sababu anawapenda wote, na akimeza tu itambidi ataje jina, na wawili watabaki kwenye baridi.

Haya, nyinyi mliomeza zamani, msaidieni. Ungekuwa wewe ndiye Bi Time, ungeondoka na nani? Semeni upesi, tonge lenyewe linakwisha.